Nikinywa waini uso unawaka: nikasingizia damu ya ukoo, kumbe shida ilikuwa kwenye kopo la bafuni

Mara ya kwanza kuambiwa nimekuwa mwekundu ilikuwa kwenye sendofu yangu mwenyewe, Julai 2022, ukumbi mmoja hapa Arusha. Nimekaa pale mbele na gauni la zambarau, MC anaita watu wa Marangu waje na zawadi zao, mi nishamaliza glasi moja na nusu ya waini nyekundu, ghafla nikasikia joto linapanda kutoka shingoni mpaka kwenye paji la uso kama vile nimeinamia sufuria ya makande inayochemka. Dada aliyenipamba akaja mbio na sponji yake, akaninong'oneza, "Bibi harusi, poda imegoma, unatoa wekundu kwa chini." Nikacheka, nikajua ni furaha na taa za ukumbini.

Picha zilipokuja sikucheka tena. Mashavu na pua vimeiva kama nyanya, shingo ina rangi yake, na masikio yapo vilevile meusi kama siku zote. Hayo masikio yashikilie, maana ndo yaliyokuja kunisaliti baadaye.

Nikurudishe nyuma kidogo. Mi ni mzaliwa wa Marangu, kazi yangu ni Arusha kwenye kampuni ya utalii, kupokea wageni, kuhangaika na hoteli zao, kuhakikisha gari limefika Kilimanjaro Airport kwa wakati. Rangi yangu ya kuzaliwa ni maji ya kunde, na sikuwahi kuona shida nayo mpaka nilipochumbiwa. Oktoba 2021 shosti wangu akanipeleka kwa mama mmoja wa vipodozi, akanitazama usoni na shingoni akasema bibi harusi hawezi kupanda madhabahuni ana rangi mbili. Akachukua kopo la losheni la nusu lita, akakata tyubu mbili kwa mkasi akazikamua mpaka ya mwisho, akamimina na kitu kingine cha majimaji kwenye kichupa kisicho na lebo, akakoroga kwa mpini wa mswaki. Elfu kumi na tano. Akaniambia hii sio mkorogo dada, hii ni "ya kung'arisha tu". Na mimi mtu mzima na diploma yangu nikakubali kwamba kitu kilichokorogwa mbele ya macho yangu sio mkorogo.

Nitasema ukweli, wiki mbili za mwanzo nilipendeza. Chunusi zote zikaisha, ngozi ikawa laini kama ya mtoto, watu ofisini wakaanza kuniuliza siri. Mama mkwe alivyoniona akamwambia mwanae, "Umetuletea mkwe mweupe." Sasa nani ataacha hapo? Nikawa nanunua kopo kila mwezi, na ikifika siku ya tano sijapaka naona uso unawasha na chunusi zinarudi, najipa jibu kwamba unaona, ngozi yangu inaihitaji hii kitu. Miezi tisa hivyo mpaka sendofu.

Baada ya harusi ikawa kila nikinywa, uso. Bia nusu glasi, uso. Waini ndo usiseme. Kila mtu na jibu lake: mume wangu akasema waini za siku hizi feki, mama mkwe akanitazama tumbo akatabasamu, mama mmoja wa jumuiya akaniambia kuna mtu amenitupia kitu niende kuombewa (nilienda, na sadaka nilitoa). Famasi wakaniambia ni aleji, nikawa nameza setirizini na Piriton kabla ya sherehe. Hilo nalo ni kosa, dawa hizo zinaleta usingizi na pombe inaleta usingizi, siku ya ubatizo wa mtoto wa wifi yangu nililala kwenye kiti mdomo wazi saa nane mchana, picha ipo kwenye grupu la familia hadi leo. Na wekundu ulikuwepo palepale.

Desemba tukapanda Marangu kama Wachaga wote wanavyopanda. Mbege imepikwa ya kutosha, shangazi ananipa kata nimalizie, nikapiga mafunda matatu hivi, akanishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga. "Mwanangu, mbona uso kama umemwagiwa uji?" Nikasema ni pombe shangazi, damu yangu haipatani na pombe. Akasema mbege ya ndizi na ulezi anakunywa babu yako na baba yako na mimi, hakuna aliyegeuka hivyo. Nikamjibu labda nimechukua upande wa mama. Mama yangu hanywi hata kidogo kwa hiyo hakuna wa kunikatalia.

Halafu Februari 2023 nikapata "ushahidi". Nilikuwa na wageni wanne kutoka Japani, wameshuka kwa njia ya Mweka baada ya siku saba mlimani, chakula cha usiku tukawaandalia Moshi. Mmoja, mzee wa kama miaka 60, kafika kileleni mita 5,895, amefurahi, akamiminiwa bia. Hakufika hata nusu ya glasi. Nilikuwa nimekaa naye uso kwa uso na niliona inavyopanda, ilianzia chini ya macho, ikaenda masikioni, ikashuka shingoni mpaka kwenye kola ya shati, macho nayo mekundu, akaweka mkono kifuani akasema moyo unakimbia. Vijana wetu wa mlimani wakaanza kushangilia, mzee amekolea, mwongezee! Mimi ndo niliyemwongezea. Akanywa kwa heshima, baada ya dakika kumi akaenda chooni kutapika, tukamwona anarudi ameshika ukuta.

Kesho yake nikamwomba radhi. Akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba kwao ni kawaida, baba yake alikuwa hivyo na ndugu zake wawili wako hivyo, ni kitu cha kuzaliwa, mwili hauna nguvu ya kumalizana na pombe. Mi badala ya kuona aibu nikafurahi! Nikaona nimepata mwenzangu. Usiku nikagugo mpaka saa nane, nikakuta watu wa huko wengine wanameza vidonge vya kupunguza asidi tumboni ili wasionekane wekundu, asubuhi nikavinunua. Nikavimeza kabla ya sherehe mbili. Uso ukawaka vilevile. Mtu mwenye akili angejiuliza hapo kwa nini dawa ya wenzangu kwangu haifanyi kitu, mi nikaongeza kidonge.

Na kitu ambacho sikukiona, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kesi ni ya pombe: uso ulikuwa unawaka hata bila pombe. Chai ya maziwa ya moto asubuhi, uso. Jua la saa sita pale stendi, uso. Pilipili, uso. Kupuliza jiko la mkaa, uso. Bosi kunifokea, uso. Kwa hiyo kama na wewe una hii shida, kabla hujaanza kuitafutia jina chukua daftari hata wiki mbili uandike kila mara inapotokea, ulikuwa unakula nini, unafanya nini, umepaka nini, umemeza nini. Ningefanya hivyo ningeokoa mwaka mzima.

Aprili ikawa mbaya. Vipele vidogo vyenye usaha kuzunguka mdomo na pua, ngozi inavuta kama imekauka na gundi. Nikaenda zahanati moja (siitaji), jamaa hakunigusa hata uso, akaniuliza unapaka nini, nikasema mafuta ya mgando tu. Uongo mtupu, kopo liko bafuni. Akaniandikia krimu ya fangasi. Siku nne nikapona, nikamsifu. Siku ya kumi na mbili ikarudi mara mbili yake. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ile krimu ilikuwa ya mchanganyiko, dawa ya fangasi na ya bakteria na humohumo ndani kuna betamethasoni, steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho), yaani dada yake wa kile kilichokuwa kwenye kopo langu. Nimezima moto kwa petroli. Ila siwezi kumlaumu peke yake, angejuaje na mimi nimemficha.

Shemeji yangu ndo akasema acha kuzunguka, nenda Moshi pale KCMC kwenye kituo cha ngozi. Kwa wasiokijua, kile kituo kipo tangu 1992 na madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea pale, na palepale ndo wanatengeneza losheni ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Nimepita nje ya geti la hospitali ile miaka yote nikienda nyumbani. Nikapanda Coaster alfajiri, kofia, barakoa, miwani, kondakta akaniuliza kama ninaumwa.

Dokta alikuwa mwanamke, mpole. Hakuanza na uso. Akasema niweke mikono mezani, akaangalia vifundo vya vidole, akasogeza nywele akaangalia masikio, akaangalia magoti. Ndipo akanitazama usoni kwa lenzi yenye taa. Kimya. Kisha akasema, "Dada, uso wako na vidole vyako havijazaliwa siku moja. Unapaka nini?" Nikalia. Sio kulia kwa kuumia, aibu. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya kopo.

Akanishikia kioo nione mwenyewe. Kwenye mashavu kulikuwa na vishipa vyembamba vyekundu kama nyuzi za kushonea, vimetawanyika. Akanieleza kwamba steroidi kali ukiipaka usoni kwa miezi inakondesha ngozi, vishipa vinatanuka na kukaa karibu juu, sasa chochote kinachotanua mishipa, na pombe ni mmojawapo, kinaonekana mubashara. Kuna ugonjwa wa ngozi unaitwa rosasea unaofanya hivyo wenyewe, wa kwangu ulikuwa wa kutengenezwa. Akasema pia kwa sisi weusi huo ugonjwa unapitwa sana kwa sababu wekundu hauonekani vizuri, mtu anasikia moto, anachomwa, uso unakuwa mweusi zaidi au wa zambarau, anaambiwa ni chunusi. Mimi nilionekana mwekundu kwa sababu nilishajichubua.

Nikamuuliza, na yule mgeni wangu wa Japani? Akacheka. "Yule kazaliwa nayo. Wewe umeinunua."

Akanifafanulia kwa mfano wa jikoni kwenye harusi na sijausahau. Pombe ikifika kwenye ini kuna mtu wa kwanza anayekusanya sahani chafu, anaigeuza kuwa kitu kinaitwa asetaldehaidi, na hicho ni sumu. Mtu wa pili ndo mwosha sahani, enzaimu inaitwa ALDH2, anaigeuza sumu ile kuwa asetati, kitu cha jamii ya siki ambacho mwili unakimudu. Kwa watu wengi wa Japani, China na Korea, zaidi ya theluthi moja yao, yule mwosha sahani amezaliwa dhaifu. Sahani zinakuja hazioshwi, zinarundikana. Hiyo sumu ikirundikana ndo uso unawaka, moyo unakimbia, kichefuchefu. Duniani wanakadiriwa watu kama milioni 540 wenye hali hiyo, na kwetu Afrika ni nadra sana. Kwa hiyo ule "upande wa mama" wangu ulifia pale.

Akaniuliza dawa ninazomeza, maana zipo dawa zinazoleta balaa ukichanganya na pombe. Akanitajia Flagyl na tinidazoli, ambazo huku kila mtu anameza tumbo likiuma kidogo, na ketokonazoli ya fangasi. Tena kuna dawa, disulfiramu, inatumika makusudi kuwasaidia watu kuacha pombe: watafiti wa Denmark waliitangaza mwaka 1948 kazi yake hiyo, inamfunga mikono mwosha sahani ili ukinywa upate adabu hapohapo. Kwa hiyo swali "nini kinafanya uso uwe mwekundu" lina majibu mengi, na lile la aleji nililopewa famasi lilikuwa mojawapo tu.

Nikamwambia kuhusu vile vidonge vya asidi. Hapo alikuwa mkali kidogo. Kwa watu kama yule mzee, akasema, vidonge vinapunguza wekundu lakini sumu iko palepale, ni kumziba mlinzi mdomo wakati mwizi yuko ndani, mtu anaona yuko sawa anaongeza glasi. Na sumu hiyo sio ya mchezo, mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka asetaldehaidi inayotokana na pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na wenye enzaimu dhaifu wanaoendelea kunywa ndo wanaopata zaidi saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Aliposema umio nikanyamaza. Baba yangu mkubwa alifia huo ugonjwa, alianza kwa kushindwa kumeza ugali, akaishia kwenye maji. Ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki hadi kusini unajulikana kwa saratani hiyo. Dokta akaniambia hata chai wanaichunguza, kuna utafiti uliofanyika hukuhuku Kilimanjaro ulitoka 2015, walipima chai ya maziwa wakakuta watu wanaanza kuinywa ikiwa karibu nyuzi 70, na vinywaji vya zaidi ya 65 vimewekwa kwenye orodha ya vinavyowezekana kabisa kusababisha saratani. Baba mkubwa alikuwa anasema chai isiyounguza ni maji machafu. Nikamfikiria na yule mzee wa Japani, niliyemjazia glasi huku watu wanapiga makofi.

Sasa sehemu ambayo hakuna aliyeniambia kabla: kuacha. Dokta alinionya kwamba ukiacha steroidi uso unalipiza kisasi. Akanipangia kuacha mkorogo wote, sabuni laini isiyo na manukato, mafuta mepesi, losheni ya kukinga jua kila siku hata mawingu yakiwepo, na doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza. Kabla ya kuniandikia akaniuliza kama nina mimba au naitafuta, tukapima kwanza, maana dawa hiyo haifai kwa mjamzito, na inakufanya uungue na jua kirahisi. Kama umeolewa juzi na mama mkwe anahesabu miezi, hilo ni zungumzo la kufanya na mumeo, sio la kukwepa.

Wiki ya kwanza hamna kitu. Wiki ya pili nikaamka macho yamevimba, uso mzima unachoma kama umepakwa pilipili kichaa, unatoa maji maji, ngozi inabanduka vipande kama ganda la kitunguu. Silali. Nalala na kitambaa cha maji ya baridi. Siku moja saa tisa usiku nilifungua kabati nikashika kopo, nikalifungua, nikalinusa. Nililirudisha. Sio kwa ushujaa, mume wangu aliwasha taa. Ndo usiku niliomwambia kila kitu, mpaka hela, tulipiga hesabu ya makopo, krimu za famasi, setirizini, nauli, ikafika zaidi ya laki nne na nusu, hapo hatujaweka zile za KCMC. Alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mi sijawahi kukuona rangi yako?" Nikashindwa kujibu.

Ofisini nilivaa barakoa wiki sita, nikaomba nihamie kwenye simu na barua pepe. Mwezi wa tatu ndo nikaanza kuona nafuu ya kweli, mwezi wa sita watu wakaacha kuniuliza. Vishipa vingine vipo hadi leo, dokta aliniambia vingine havitaondoka kwa dawa. Mama mkwe alisema nimefubaa. Alisema mbele za watu.

Ukienda hospitali nenda na kopo lenyewe, na tyubu, na kisanduku chake kama hujatupa. Usiseme mafuta ya mgando. Angalia maandishi madogo: ukiona klobetasoli, betamethasoni, fluosinonaidi, hiyo ni steroidi, haikai usoni bila daktari aliyekuona. Na kama wewe uso unawaka kwa pombe peke yake, tangu glasi ya kwanza ya maisha yako, na ndugu zako wako hivyo, basi hilo ni la mwili wako, punguza au acha, na wanaokuzunguka wakusikie ukisema imetosha. Kazini sa hivi mgeni akiwa mwekundu vijana wanajua, namletea maji au Stoney na hakuna anayepiga makofi.

Desemba hiyo ya 2023 tukapanda tena Marangu. Shangazi akanipa kata, nikanywa mafunda mawili, mashavu yakapata joto kidogo tu, akanishika kidevu kama mwaka ule, akasema "Afadhali, huyu namjua." Jioni tukiwa tunaosha vyombo binamu yangu mdogo, yuko kidato cha sita, akanivuta pembeni akatoa kityubu kwenye mfuko wa sketi, kimekunjwa kutoka chini mpaka nusu. Nikakigeuza nikasoma kwa mwanga wa simu. Klobetasoli, asilimia 0.05.

"Dada, mi napaka usiku tu," akasema.

Nikamwambia kaa chini. Tuliacha vyombo mpaka asubuhi.